Kabla ya Kuchagua Rangi, Tafuta Maji Yanakotoka

Ukuta wa chumba chetu cha kulala niliupaka rangi mara mbili katika muda wa miaka miwili, na mara zote mbili rangi ilibanduka mahali pale pale, upande wa kushoto wa dirisha, kiasi cha shubiri mbili kutoka sakafuni. Mara ya kwanza nililaumu rangi. Mara ya pili nilinunua rangi ya ghali zaidi, fundi akakwangua ukuta mpaka kwenye lipu, akapiga msasa, akapaka rangi ya awali na kuiacha ikauke siku nzima kabla ya kupaka mikono miwili ya rangi yenyewe, na kazi ikapendeza. Baada ya miezi minne yakatokea malengelenge madogo. Nilipoyabonyeza kwa kidole yalipasuka, na ndani yake mlikuwa na unga mweupe, mwepesi, unaofanana na chumvi iliyosagwa.

Unga ule ulikuwa chumvi kweli. Maji ya ardhini hupanda ndani ya tofali na lipu kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi wa kandili, yakibeba chumvi zilizomo katika udongo na katika ukuta wenyewe. Yakifika usoni pa ukuta hugeuka mvuke na kwenda zake, lakini chumvi hubaki, hujikusanya nyuma ya rangi na kuisukuma mpaka ikaachia. Hakuna rangi itakayoshindana na jambo hilo kwa muda mrefu. Nilipotoka nje na kuutazama ukuta huo kwa upande wa pili, niliona kitu nilichokuwa nikipita karibu nacho kila siku: kitalu cha maua tulichokuwa tukikiongezea udongo na mbolea mwaka hata mwaka, mpaka udongo ukapanda juu ya ule utando wa kuzuia unyevu unaolazwa juu ya msingi kabla kuta hazijainuliwa. Utando huo unatakiwa uwe juu ya ardhi ya nje kwa kiasi cha sentimita 15, na wetu ulikuwa umefukiwa kabisa. Dawa ya ukuta ule ilikuwa koleo na toroli, kazi ya siku mbili, kisha kubomoa lipu iliyojaa chumvi, kisha kusubiri.

Kusubiri ndiko kulikokuwa kugumu. Ukuta uliolowa hukauka polepole sana, na kipimo wanachokitumia mafundi wengi ni mwezi mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene, kwa hiyo ukuta wa tofali wenye unene wa sentimita 23 unaweza kudai miezi tisa. Tuliendelea kuishi katika chumba hicho huku ukuta ukiwa uchi na kabati likiwa limesogezwa katikati ya chumba, jambo ambalo halikumfurahisha mtu yeyote nyumbani, lakini rangi tuliyoipaka baadaye ingali imeshika.

Naandika haya kwa ajili ya mwenye nyumba anayepanga ukarabati na ambaye, kama nilivyokuwa mimi, ameanza kwa kukusanya picha za vigae na vipande vya sampuli za rangi. Ombi langu kwake ni moja: kabla hajachagua chochote kitakachoonekana, aikague nyumba yake ajue maji yanaingilia wapi, yanatuama wapi na yanatokea wapi. Kazi za ukarabati nilizoziona zikiharibika mapema ziliharibiwa, karibu zote, na maji ambayo yalikuwemo nyumbani kabla fundi hajashusha vifaa vyake.

Unyevu una tabia zinazoutambulisha, na mtu asiye fundi anaweza kuzisoma akiwa na subira. Unaopanda kutoka ardhini huanzia chini na mara chache huvuka mita moja au moja na nusu, nao huacha mstari wa chumvi pale ulipokomea. Unaotoka paani huacha doa lenye ukingo wa rangi ya kahawia, ambalo hupanuka baada ya mvua na kutulia wakati wa kiangazi. Unaotokana na bomba linalovuja haujali mvua wala jua, doa lake huwa bichi siku zote. Kuna na unyevu ambao hautoki ukutani kabisa, bali hewa ya chumba chenyewe: mvuke wa kupikia, wa kuoga na wa pumzi zetu hukutana na sehemu ya ukuta iliyo baridi, ukageuka matone, na baada ya muda ukungu mweusi huota pembeni mwa dari na nyuma ya makabati. Ukishindwa kutofautisha huu wa mwisho na ule wa ukutani, chukua kipande cha plastiki safi, kibandike ukutani kwa utepe pande zote nne bila kuacha upenyo, ukiache kwa siku moja au mbili. Matone yakitokea juu ya plastiki, upande wa chumbani, tatizo lako ni hewa isiyotoka nje, na tiba yake ni madirisha na feni ya kutolea mvuke. Yakitokea chini ya plastiki, upande wa ukutani, maji yamo ndani ya ukuta na kazi bado ni ndefu.

Mabomba nayo yana jaribio lake rahisi. Funga koki zote za nyumba, hakikisha tangi la choo halijazi maji, soma mita ya maji na uandike tarakimu zote hadi zile nyekundu za mwisho, kisha ukae saa mbili bila mtu yeyote kutumia maji. Tarakimu zikisogea, kuna mahali maji yanatoka usipopaona.

Kuhusu paa, nashauri upande darini na tochi wakati mvua inanyesha, kwa sababu alama ya maji kwenye dari mara nyingi haiko chini ya tundu lenyewe. Tone huingia mahali pamoja, hutambaa juu ya mbao ya kenchi mita mbili au tatu, ndipo likaanguka. Angalia hasa penye viungo, penye misumari iliyolegea, na pale paa linapokutana na ukuta. Angalia pia mifereji ya kukingia maji ya mvua, maana mfereji ulioziba majani humwaga maji yake ukutani kila mvua inaponyesha, nawe utatafuta ufa usiokuwepo.

Nyufa zinastahili maneno yake zenyewe. Methali inatuambia tusipoziba ufa tutajenga ukuta, na inasema kweli, ila katika ukarabati kuna hatua inayotangulia kuziba, nayo ni kujua ufa umetoka wapi na kama ungali unatembea. Nyufa nyembamba kama unywele, zilizosambaa kama utando wa buibui juu ya lipu, kwa kawaida ni lipu iliyokauka upesi ikanywea, na hazina hatari. Ufa unaoanzia kwenye kona ya dirisha au mlango ukapanda kwa mshazari, hasa ukifuata viungo vya matofali kama ngazi, na hasa ukiwa mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili, huashiria kwamba sehemu ya msingi inashuka au linta, ile boriti iliyolala juu ya dirisha au mlango, imezidiwa. Chora kwa penseli mistari miwili midogo, mmoja kila upande wa ufa, pima umbali kati yake kwa rula, uandike tarehe pale pale ukutani, kisha urudie kupima kila mwezi kwa miezi kadhaa. Ufa ambao haujasogea unaweza kuzibwa. Ufa wenye upana unaozidi milimita tano, au unaoendelea kupanuka, ni wa kumwita mhandisi wa majengo kabla ya kumwita fundi rangi, hata kama gharama ya mhandisi itakula fedha uliyoitengea kabati la jikoni.

Upo na ufa mwingine ambao watu huudharau, ule unaofuata nondo katika jamvi, yaani bamba la zege la sakafu, au katika nguzo ya zege, ukiwa na doa la kutu kandokando yake. Chuma kikipata kutu huvimba mara kadhaa kuliko kilivyokuwa, na nguvu ya uvimbe huo hupasua zege lililokizunguka. Fundi akija akapaka saruji juu yake, kiraka kitashika mwaka mmoja au miwili kisha kitaanguka kikiwa kimebeba kipande kikubwa zaidi. Kazi inayofaa ni kubomoa zege lililolegea mpaka nyuma ya nondo, kusugua kutu yote kwa brashi ya waya, kuipaka nondo dawa ya kuzuia kutu, ndipo zege jipya lijazwe. Na nondo iliyoliwa sana mpaka ikapungua unene lazima iongezewe nyingine, kwa hesabu ya mhandisi.

Sasa niseme juu ya kuvunja kuta, kwa kuwa ndilo jambo la kwanza ambalo wengi wetu hutamani ili sebule na jiko viwe kitu kimoja. Kugonga ukuta na kusikiliza mlio wake hakutoshi kujua kama umebeba mzigo. Inabidi kujua nini kimekaa juu yake: jamvi la ghorofa, ukuta mwingine, au miguu ya kenchi, na ukuta mwembamba nao unaweza kuwa umebeba. Ikiwa umebeba, boriti ya kuchukua nafasi yake inahitaji hesabu, na kabla tofali la kwanza halijatolewa sehemu ya juu lazima ishikiliwe na nguzo za muda. Boriti ya zege ikishamwagwa, nguzo hizo hazitolewi kwa sababu tu zege limekuwa gumu ukiligusa. Nguvu yake iliyokusudiwa hupimwa katika siku ya 28, na katika siku saba za mwanzo, angalau, linatakiwa kuwekwa katika unyevu kwa kumwagiliwa au kufunikwa magunia yaliyolowa, kwa sababu saruji haiwi ngumu kwa kukauka bali kwa kuungana na maji. Nimeona mafundi wenye haraka wakiliacha zege juani tangu siku ya pili, na mwenye nyumba akifurahi kwamba linakauka upesi.

Mpangilio wa kazi ndio unaookoa fedha kuliko kubembelezana bei na fundi. Paa na uvujaji wowote vitangulie. Vifuate ubomoaji na kazi za zege na tofali. Kisha mabomba ya maji safi na maji taka pamoja na njia za nyaya za umeme, vyote vikiwa bado wazi ukutani. Baadaye lipu, halafu sakafu na vigae, halafu milango na makabati, na rangi ije karibu na mwisho. Kila anayebadilisha mpangilio huu hulipa kazi moja mara mbili, kwa kuwa fundi umeme aliyechelewa atakata mfereji katika lipu mpya, na lipu iliyochelewa itadondoka juu ya vigae vilivyokwisha kung'arishwa.

Katika mpangilio huo kuna siku moja ambayo naiona ya thamani kuliko zote, nayo ni ile iliyo kati ya kumaliza mabomba na kuanza lipu. Tulipokarabati bafu, mwashi alikuwa amekwisha koroga mchanga na saruji, na mimi nilikuwa tayari kumruhusu aendelee. Fundi bomba alisimama mbele ya ukuta akakataa. "Bosi, nipe usiku mmoja tu," alisema, "kesho asubuhi nitakupa jibu." Alifunga ncha zote za mabomba, akaunga geji ya kupimia shinikizo, akayajaza maji kwa pampu ya mkono mpaka shinikizo likafika mara moja na nusu ya lile la kawaida, kisha akaweka alama ya kalamu kwenye kioo cha geji pale mshale uliposimama. Asubuhi mshale ulikuwa umeshuka chini ya alama. Kwa macho hatukuona tone lolote. Alichukua karatasi kavu ya chooni, akaizungusha kwenye kiungo kimoja baada ya kingine, na katika kiungo cha nne, nyuma ya mahali pa kuoshea mikono, karatasi ikabadilika rangi. Kiungo kile kilitengenezwa kwa dakika chache. Kingefunikwa na vigae, kingeuozesha ukuta miaka kadhaa kabla hatujagundua, na sidhani kama tungepata wa kumuuliza.

Sakafu ya bafu nayo ipewe jaribio lake kabla ya vigae. Watu huamini kwamba vigae ndivyo vinavyozuia maji, lakini viungo vya vigae hupitisha maji, na kinachozuia ni utando uliopakwa chini yake, ambao unatakiwa kupanda ukutani pia, na kupanda zaidi pale penye bafu la manyunyu. Utando ukishakauka, ziba tundu la kutolea maji, jaza maji kina cha sentimita mbili au zaidi kidogo, weka alama, uache saa 24, kisha ukaangalie dari ya chini au ukuta wa nyuma. Mteremko kuelekea kwenye tundu uwe wa sentimita moja hadi mbili kwa kila mita. Pungufu ya hapo, maji yatatuama na utakuwa ukiyasukuma kwa ufagio kila unapooga.

Kwa umeme nitasema machache, kwa sababu si kazi ya mwenye nyumba kuigusa. Mwombe fundi mwenye leseni akague kama kila soketi ina waya wa ardhi unaofanya kazi, na kama katika sanduku la umeme kuna kifaa kinachokata umeme pale unapovuja kwa kiasi cha miliampea 30, kiasi kilichochaguliwa ili kumwokoa mtu aliyeguswa na waya. Kama nyumba ni ya zamani na haina kifaa hicho, hilo litangulie makabati na taa za urembo.

Nyumba za zamani zina hatari nyingine mbili zinazotulia mpaka siku ya ubomoaji. Ya kwanza ni asibesto, iliyotumiwa sana katika mabati ya saruji, dari na vifuniko vya mabomba; ikiwa nzima haileti madhara makubwa, lakini ikikatwa au kuvunjwa hutoa nyuzi zisizoonekana ambazo zikiingia mapafuni zinaweza kuleta saratani miaka mingi baadaye. Uingereza ilikamilisha marufuku yake mwaka 1999, kwa hiyo hata nyumba zisizo kuukuu sana zinaweza kuwa nayo. Ya pili ni risasi, ile metali, iliyomo katika rangi za zamani, ambayo Marekani iliipiga marufuku katika rangi za majumbani mwaka 1978, na ambayo vumbi lake huudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Ukishuku mojawapo, usikate, usipige msasa mkavu na usifagie. Peleka kipande kikapimwe, na kazi ya kuondoa ifanywe na waliofunzwa. Watoto na wajawazito wahame nyumba siku hizo. Hapa sina nafuu ya kumpa mtu.

Kuhusu fedha na makubaliano, mimi huanza kwa kuandika orodha ya kazi yote, chumba kwa chumba, na kumpa kila fundi orodha ile ile, kwa sababu bei mbili zilizotolewa juu ya kazi mbili tofauti hazilinganishiki. Bei iliyo chini sana kuliko nyingine nataka nielezwe imepungua wapi, na mara nyingi jibu hupatikana katika kitu kitakachofunikwa: utando wa kuzuia maji, unene wa lipu, idadi ya mikono ya rangi. Malipo yafuate hatua zilizokamilika na kukaguliwa, na sehemu ndogo ibaki mkononi mwako mpaka kasoro za mwisho zirekebishwe. Badiliko lolote katikati ya kazi liandikwe pamoja na bei yake siku hiyo hiyo, hata kama fundi ni ndugu yako, na pengine zaidi akiwa ndugu yako. Tenga akiba ya asilimia 10 hadi 20 ya bajeti kwa yale yatakayoonekana ukuta ukishafunguliwa, na usiitumie kununulia taa. Kibali cha mamlaka ya ujenzi ya mahali ulipo kitafutwe kabla ya kubomoa, si baada ya jirani kulalamika.

Vigae nunua asilimia 10 zaidi ya eneo ulilopima, vyote vya toleo moja kama lilivyoandikwa kwenye maboksi, kwa kuwa rangi hutofautiana toleo kwa toleo hata jina likiwa lile lile, na uhifadhi boksi moja kwa ajili ya matengenezo ya baadaye.

Jambo la mwisho linahitaji simu na futi ya kupimia tu. Kabla ya lipu, piga picha kila ukuta wenye bomba au waya, futi ikiwa imewekwa kutoka sakafuni na kutoka pembeni ili vipimo visomeke katika picha, na uhifadhi nakala nyingine nje ya simu. Mwezi uliopita nilitaka kutoboa kigae bafuni nitundike kishikio cha taulo, nikawa nimekwisha weka alama ya penseli na kuichomeka drili. Nilifungua picha ya ukuta ule kwanza. Bomba la maji ya moto lilikuwa limepita sentimita moja kutoka kwenye alama yangu, na kishikio sasa kiko upande wa pili wa mlango.